Aliyeutaja Mguu wa Rafaeli

Kijiji chao hakikuwa na bomba la maji wala zahanati, na shule yake ilikuwa na madarasa mawili yenye paa na la tatu lililokuwa likisubiri bati tangu uhuru. Lakini kilikuwa na lori. Kijiji jirani cha Msanzi, pamoja na maringo yake yote, hakikuwa nalo. Lilikuwa Bedford la kijani, kuukuu, lililonunuliwa mwaka sabini na tano kwa mahindi ya shamba la ujamaa na mkopo wa serikali juu yake, na siku lilipoingia kijijini wanawake walilipigia vigelegele kama bibi harusi. Dereva wake akawa Rafaeli. Hapakuwa na kura wala mjadala, kwa kuwa katika kijiji kizima mwenye leseni ya magari makubwa alikuwa yeye peke yake.

Leseni hiyo aliipata ujanani, alipokuwa akifanya kazi na watu waliokuwa wakiwasaka nzige wekundu katika Bonde la Rukwa. Alijifunzia gari mahali pasipo na barabara, kwenye majani yanayomzidi mtu urefu, akapanda kurudi kwao Ufipa akiwa na koti la mvua, saa ya mkononi isiyotembea, na kile kitabu kidogo chenye picha yake. Emerensiana alionyeshwa picha ile kabla hajaonyeshwa shamba wala ng'ombe wa mahari. Aliwaambia wenzake kwamba amemkubali kijana huyu kwa sababu, hata pichani, anamtazama mtu usoni kama anataka kumchekesha.

Kwa hiyo mtu asidhani leseni ilikuwa karatasi tu. Wenzake walikuwa na ng'ombe. Rafaeli alikuwa na leseni. Ndiyo iliyomfanya Mwenyekiti Adriano, mtu asiyemnyenyekea yeyote chini ya Katibu Tarafa, aje mwenyewe mlangoni kuomba safari. Lori lilibeba mahindi, ulezi na maharage kwenda Sumbawanga mjini na kurudi na chumvi na sabuni ya duka la ushirika. Lakini ungewauliza wanawake, wangekuambia kazi yake hasa ilikuwa kubeba watu wanaokufa na kuwarudisha wakiwa hai. Kabla ya lori, mjamzito aliyeshindwa kujifungua alibebwa kwenye machela hadi zahanati ya Matai, na wengi waliishia njiani.

Ugonjwa ulianzia kwenye kidole gumba. Emerensiana aliuona kanisani, mahubiri yakiendelea: mkono wa kulia wa mumewe umetulia gotini, na kidole gumba kinazungukazunguka juu ya kidole cha shahada kama mtu anayesokota tumbaku. Alidhani anasali rozari bila rozari. Baada ya mavuno kikawa kiganja chote. Kisha hatua zake zikafupika, akawa anatembea kama mtu anayepita kwenye tope, hata kiangazi. Asubuhi Emerensiana alimfunga vifungo vya shati, na hakuna aliyeuliza wala aliyejibu. Sauti ilishuka. Pua nayo ikafa. Siku moja maharage yaliungua mpaka nyumba ikajaa moshi, naye ameketi palepale anauliza chakula kitaiva lini. Kilichomuuma Emerensiana kuliko vyote ni uso. Uso uliokuwa ukicheka kabla ya mdomo ulikaa tu sasa, mkavu, na watu wakaanza kusema kwamba tangu apewe lori Rafaeli anaringa.

Hayo ya kuringa waliyasema. Ya kutetemeka hayakusemwa na mtu. Mgeni atashangaa, lakini wenyeji hawakuwa wajinga. Malaria unaitaja, kifua unakitaja, hayo ni ya Mungu. Mkono unaotetemeka bila homa ni jambo jingine. Ukimwambia mwenzako, "Mzee, mkono wako una nini?", umejitia kitanzi mwenyewe, maana kesho akifa watakumbuka ni nani aliyekuwa akiutazama mkono wake, na watataka kujua aliyajulia wapi. Kwa hiyo kijiji kilikuwa na adabu. Na salamu zao ziliwasaidia kuwa na adabu, kwa kuwa Mfipa mwenye heshima hampi mwenzake mkono kwa pupa. Anainama, anapiga makofi polepole, na mwenzake anaitikia kwa makofi. Ndani ya makofi yale mkono wa Rafaeli ulitetemeka upendavyo. Kila asubuhi kijiji kiliamkiana naye, na kila asubuhi kikakubaliana naye kutoona.

Isitoshe walikuwa na hoja ya kujiliwaza. Mkono ule ulipokamata usukani, ulitulia. Hii haikuwa hadithi. Emerensiana mwenyewe aliuona ukitulia tuli, mkono wa kijana kabisa, akamshukuru Mungu na kuacha kuuliza mengine.

Utingo wa lori alikuwa Basil, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mtoto pekee aliyebaki wa mjane aitwaye Kristiana aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Rafaeli. Basil alikuwa mwepesi wa miguu na mzito wa maneno. Rafaeli alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, na ilifahamika kwamba siku moja naye atakwenda mjini kutahiniwa, kijiji kiwe na madereva wawili. Siku hiyo ilikuwa inasogezwa mbele kila mwaka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka nayo, Rafaeli hasa.

Mwezi wa tisa mwaka sabini na saba waliteremka Kasanga, ziwani, kupeleka maharage na kurudi na samaki wakavu. Emerensiana alikaa mbele, kando ya mumewe, akienda kumwona dada yake Josefina aliyeolewa huko. Nyuma, juu ya magunia, walijaa watu. Mteremko wa Kasanga si wa mchezo, na kama kawaida yake kwenye miteremko Basil alisimama nje juu ya ngazi, ameng'ang'ania dirisha la dereva.

"Mzee, breki zinanuka," alisema.

Rafaeli akavuta hewa. "Sisikii kitu."

Zilikuwa zinanuka mpaka Emerensiana ameziba pua kwa khanga.

Baada ya kona ya mwisho waliwaona wanawake wanaotoka ziwani, wamejitwika mabeseni ya dagaa, wameijaza barabara. Walikuwa mbali bado. Emerensiana alimwona mumewe akiwaona. Kisha, bila kujua kwa nini, akatazama chini, akauona mguu wake wa kulia. Ulikuwa juu ya pedeli ya mafuta, umekaa tu. Rafaeli naye alikuwa anautazama, macho yamemtoka, kama mtu anayemwita mtoto asiyetaka kusikia, na mguu haukusogea hata kidogo. Ni Basil aliyeingiza mikono yote miwili dirishani na kuuzungusha usukani. Lori likapanda ukingo wa udongo, likakwaruza mwamba, likazimika. Abiria mmoja alivunjika mkono. Dagaa walimwagika. Wanawake wale wakabaki wamesimama barabarani, wengine wamekumbatiana, na hakuna hata mmoja aliyekufa.

"Breki," alisema Rafaeli alipopata sauti. "Breki zimekataa."

Kukagua breki ni kazi ya utingo. Basil alijua kwamba breki, pamoja na kunuka kwake, hazikuwa zimekanyagwa. Alimtazama Emerensiana kule ndani, wakatazamana.

"Ndiyo, Mzee," alisema. "Nitaziangalia."

Waliporudi Mwenyekiti alimgombeza Basil mbele ya watu, naye akainamisha kichwa. Emerensiana aliyasikia yote, akayameza. Nyumbani alijaribu mara moja.

"Baba Dominiko, ule mguu..."

"Mguu gani?" aliuliza Rafaeli.

Dominiko, mtoto wao, alikuwa mwalimu huko Chala na hakuwa wa kuombwa ushauri wa mambo kama haya.

Haukupita mwezi, trafiki akalisimamisha lori mjini Sumbawanga. Alikuwa kijana wa kutoka pwani, asiyejua makofi wala kuinama. Alinyoosha mkono tu, akataka leseni. Rafaeli akaitoa, na kitabu kikacheza hewani mpaka trafiki akakikosa mara ya kwanza.

"Asubuhi yote hii, mzee, umeshalewa?"

"Sinywi, afande."

"Mkono wako unasema unakunywa." Akaitia leseni mfukoni. "Niletee cheti cha daktari kwamba wewe si mlevi, nitakurudishia. Mpaka hapo usiguse gari."

Kijiji kiliumia kuliko Rafaeli mwenyewe. Mlevi, Rafaeli? Mtu aliyekuwa akikaa kwenye ngoma na kibuyu cha togwa, wenzake wakimcheka? Hasira ile iliwafurahisha watu, kwa sababu kwa mara ya kwanza waliweza kuutaja mkono bila hatari: trafiki kausingizia pombe, na pombe haikuwepo. Mwenyekiti Adriano akaenda kwa Emerensiana mwenyewe.

"Mama Dominiko, utafuatana naye hospitali. Mke ndiye anayejua kama mume anakunywa. Useme ukweli tu, hanywi."

"Na nikiulizwa mengine?"

"Utaulizwa nini kingine?" alisema Adriano, akatazama chini.

Wakadandia gari la mahindi hadi mjini. Daktari aliyewapokea aliitwa Tuntufye, mtu wa kutoka upande wa Mbeya, mpole, mwenye tabia ya kuvuta kiti chake karibu na mgonjwa. Alimwambia Rafaeli aguse pua, afumbate na kufumbua vidole, ashike kikombe cha maji. Kila mkono ulipopewa kazi ulitulia. Ulipoachwa gotini ulianza tena kusokota tumbaku yake.

"Huyu si mlevi," alisema daktari. "Wala si mkono wa mtu, kabla hamjaniuliza. Ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa Parkinson. Haumwambukizi mtu." Alisita kidogo. "Na hauponi, mzee. Nitakupa vidonge vipunguze mtetemo. Zaidi ya hapo sina."

"Kuendesha je, Daktari?" Rafaeli aliuliza. "Nikishika usukani hautetemeki. Umejionea."

"Nimejionea. Wapo wanaoendesha mwanzoni, miaka kadhaa." Daktari alilijua lori lile. Alikwishawapokea wanawake walioshushwa kutoka humo wakiwa wameanza kupoa. Alivuta karatasi, akashika kalamu. Kisha akamtuma Rafaeli dirisha la dawa akachukue vidonge, na Emerensiana akaona kwamba daktari hakuwa anaandika. Alikuwa anamtazama Rafaeli akigeuka mlangoni, vihatua vingi vidogo, kama mtu anayezungushwa na mwingine.

"Mama," alisema, "umewahi kupanda gari akiendesha?"

"Ndiyo."

"Umeona lolote likakutia hofu?"

Angeweza kusema hapana. Hata uongo usingekuwa mkubwa sana. Siku zote nyingine hakuogopa kitu. Alifikiria machela. Alifikiria Rafaeli bila lori, amekaa uani mchana kutwa. Lakini wanawake wa mabeseni walikuwa hawajamtoka machoni tangu siku ile, na mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni.

"Mguu wake wa kulia unagoma, Daktari," alisema. "Anauamrisha, hautii. Niliuona mimi. Tungeua watu." Kisha akaongeza upesi, "Usimwambie ni mimi."

Daktari akaiweka kalamu chini. "Sitamwambia."

Na kweli hakumwambia. Rafaeli aliporudi, daktari alimwomba apigepige mguu wa kulia sakafuni harakaharaka. Ukapiga, ukalegea, ukanata. Daktari akamwekea mkono begani. Alikuwa mwema, lakini hata mtu mwema ulimi humponyoka.

"Mzee, mkono hauna neno. Mguu huu ndio utakaoua mtu. Utagoma tena mteremkoni, kama ulivyokwisha kugoma."

Rafaeli alimtazama daktari kitambo. Kisha akautazama ukuta. Uso wake haukusema kitu, lakini siku hizo uso wake haukusema kitu hata akila.

Kituoni trafiki alisoma cheti mara mbili, akaanza kumwita Rafaeli baba. Leseni akaitia kwenye droo.

"Naomba picha," alisema Rafaeli. "Leseni baki nayo. Nipe picha tu."

"Picha ni mali ya serikali, baba," alisema trafiki kwa huruma, akaisukuma droo kwa goti.

Lori likasimama chini ya mti wa ofisi ya kijiji. Wiki ya pili mjamzito mmoja akabebwa kwa machela, na mtoto hakufika. Ndipo Mwenyekiti Adriano alipoitisha mkutano. Watu walikuja wamenuna, wakakaa kwenye nyasi.

"Ndugu zangu," alisema Adriano, "dereva wetu alikwenda kupimwa pombe, akanyang'anywa leseni kwa habari ya mguu. Mimi nauliza jambo moja. Daktari ameujuaje mguu? Rafaeli hakuutaja. Sisi hapa hakuna anayeujua. Tena daktari alimwambia, kama ulivyokwisha kugoma. Yupo mtu aliyempelekea."

Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja akauliza, si kwa ubaya, "Nani alifuatana naye?"

Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine. Emerensiana aliyahisi macho yale mwilini. Alijua akisema ndiyo, nimesema mimi, swali litakalofuata si la mguu tena. Watauliza ni kitu gani alichompa mumewe mpaka mkono ukaanza kucheza, na kwa nini alijua mapema kuliko wote. Alikusanya khanga ainuke. Au baadaye alijiambia kwamba alikuwa anainuka.

"Basil," alisema Rafaeli.

Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mkutano mzima ulinyamaza ili kuisikia.

"Basil alikwenda hospitali ileile kung'oa jino, wiki moja kabla yetu. Anaujua mguu. Na usukani anautaka yeye."

Basil alisimama. Jino alikuwa ameling'oa kweli, wote waliona shavu lilivyovimba. "Sikumwambia daktari kitu," alisema, kisha akamtazama Emerensiana, na hakukuwa na ukali machoni mwake, alikuwa anangoja tu. Wawili tu ndio waliojua kwamba siku ile breki hazikukanyagwa, na mmoja alijua si yeye aliyesema. Emerensiana akautazama mkono wake uliofumbata khanga. Basil akakaa. Pengine alimheshimu kama mama. Pengine alipiga hesabu akaona hakuna wa kumwamini.

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtupia jiwe. Kijiji kilimfanyia adabu. Kwenye shamba la ujamaa, watu wakipanga mstari wa kufukia nyasi kwenye matuta, upande wa kulia wa Basil palibaki nafasi na upande wa kushoto palibaki nafasi. Kisha habari ikakua, kama kawaida ya habari. Hakuutaja mguu tu, aliufunga yeye kwa uchawi. Ndiyo maana alisimama dirishani kila mteremko. Ndiyo maana Kasanga alikuwa tayari na mikono kabla dereva hajasema. Yaani tendo lile lililoponya watu likawa ushahidi dhidi yake. Mtu akisikia ujinga wa namna hii anatamani kucheka, lakini waliokuwa wakiusema walikuwa watu wazima, wenye wajukuu, waliopokea komunyo.

Mvua za kwanza zilipoanza, Basil aliondoka bila barua ya kijiji. Alivuka mpaka huko Kasesya akaingia Zambia, na Kristiana akabaki peke yake.

Emerensiana alijiambia atasema Jumapili. Jumapili ikaja na mvua. Akajiambia atasema baada ya mavuno. Aliacha kupokea komunyo, na Rafaeli hakumuuliza sababu. Lori halikupata dereva. Walikwenda kuomba wilayani, wakaambiwa wasubiri. Vita vya Kagera vilipokuja, maofisa walipita wakikusanya magari ya vijiji. Walilizunguka lile Bedford mara moja, wakaliacha. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Wagonjwa wakarudi kwenye machela, na idadi ya waliokufa njiani Mungu anaijua.

Na Rafaeli akaendelea kupungua. Vidonge viliisha, vikapatikana, vikaadimika kabisa. Akawa hawezi kujigeuza kitandani, kisha hawezi kunyanyua tonge. Emerensiana alimlisha, akamwogesha, akamgeuza. Watu walimsifu kwa uvumilivu wake na kila sifa ilimchoma, kwa kuwa yeye hakuuita uvumilivu. Aliuita adhabu, na alidhani ni yake peke yake.

Mwezi wa sita mwaka themanini na mbili, baridi ya Ufipa ikikata mifupa, alimtoa uani alasiri aote jua. Akamlisha uji wa ulezi, kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu. Bakuli lilipofika nusu mkono ukamchoka, au moyo.

"Baba Dominiko," alisema. "Aliyemwambia daktari ni mimi. Si Basil."

Uso ule haukubadilika. Alidhani amesinzia macho wazi. Kisha midomo ikasogea, naye akainamisha sikio.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Palepale kwa daktari." Alimeza mate, ikachukua muda. "Wewe ndiye uliyetazama chini. Basil alikuwa anatazama barabara. Siku ile alijua tu kwamba nilishindwa. Mguu hakuuona."

Emerensiana akaweka bakuli chini. "Na ukamtaja."

"Walikuwa wamekugeukia." Pumzi. "Wangesema umeniroga wewe. Basil ana miguu. Wewe ungekwenda wapi?" Emerensiana akadhani ameishia hapo. "Na mimi ningebaki na nani?"

Emerensiana alikasirika. Alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika katika ndoa yake, na chini ya hasira palikuwa na kitu kibaya zaidi, nafuu, kwa kuwa mzigo wa miaka mitano ulikuwa wa watu wawili. Akaionea aibu ile nafuu. Alitaka kuinuka amwache pale juani na uji wake. Alichukua bakuli akamlisha uliobaki, bila kumfuta kidevu.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Kristiana. Alimkuta uani akipepeta ulezi. Hakukaa. Alimweleza yote kwa mfuatano, mteremko, mguu, daktari, mkutano, na alipofika mahali alipomwona Basil akimngoja aseme, hakujitetea. Akamweleza na ya jana. Alisema kwamba yuko tayari, waende sasa hivi kwa Mwenyekiti, aite watu, ayarudie haya mbele ya kila mtu, jina la Basil lisafike na aitwe arudi nyumbani.

Kristiana alikuwa ameacha kupepeta. Makapi yalikuwa yamemkaa kwenye mikono.

"Mwaka wa kwanza nilibisha," alisema. "Niliwaambia wote, mwanangu hawezi. Nilibisha peke yangu, kisimani, kanisani, shambani. Mwaka wa pili nilichoka. Nikaanza kuwaza, labda. Baba yake alikufa ghafla. Dada yake alikufa mchanga. Nikaanza kupanga mambo, nikaona yanapangika."

"Mama Basil..."

"Pasaka hii alikuja. Alipita nyuma, kwenye ghala, asionekane. Amekonda, nilimwona kwenye ufa wa mlango. Alisema, mama nifungulie, naumwa." Kristiana aliutazama ungo wake. "Nilimwambia mimi sina mtoto. Niliegemea mlango kwa mgongo ili asiusukume. Hakuusukuma. Alikaa pale nje mpaka jua likatua, ndipo akaondoka, na kikohozi chake nilikisikia mpaka alipofika mtoni."

Emerensiana akauliza kama anajua alielekea wapi.

"Sikumuuliza," alisema Kristiana. Akainama, akaanza kuokota punje za ulezi zilizomwagika, moja moja.